Historia ya XP Maradufu

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni changa iliyoitwa TSR ilichapa vijitabu vitatu vya mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Katika mchezo huo mhusika alikusanya alama za uzoefu, yaani XP, na alama zikifika kiasi fulani alipanda levo. Mpiganaji wa upanga alihitaji alama 2,000 kufika levo ya pili, 4,000 kufika ya tatu, 8,000 ya nne, 16,000 ya tano. Alama zilitokana na kuua majini na mazimwi, na zaidi sana na dhahabu iliyotolewa salama kutoka mapangoni.

Humo humo kulikuwa na bonasi. Mpiganaji aliyejaliwa nguvu za kutosha mwanzoni mwa mchezo aliongezewa asilimia 10 juu ya alama zote alizochuma, na dhaifu alikatwa sehemu ya zake. Vijana ambao leo hukesha kusubiri wikendi ya XP maradufu kwenye gemu ya risasi ya Call of Duty wanakula matunda ya kanuni hiyo ya nusu karne iliyopita, ingawa wengi wao hawajawahi kuona kete yenye pande ishirini.

Zitazame tena zile namba za mpiganaji, kwa maana ndizo zinazoeleza kwa nini bonasi hufanya kazi vizuri mahali pamoja na kushindwa mahali pengine. Kila levo mpya ilitaka mara mbili ya jumla iliyotangulia. Kwa hiyo mtu mwenye alama 8,000, aliye levo ya nne, angelipwa maradufu tangu siku ya kwanza angekuwa na 16,000 na kusimama levo ya tano. Faida yake yote ingekuwa levo moja. Bonasi kubwa hivyo isingemrusha mtu mbali, kwa kuwa njia yenyewe ilirefuka kila alipopiga hatua. Bonasi haina nguvu yake binafsi. Nguvu yake inatoka kwenye ngazi inayopandwa, na ngazi ina fundi aliyeipima.

Kutoka mezani, alama ziliingia kwenye kompyuta. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa wakati mmoja, kuchuma alama na hatimaye kuwa wachawi wenye mamlaka. Miaka ishirini baadaye, mwezi Machi 1999, EverQuest iliwakusanya maelfu ya watu kwenye ulimwengu wa picha. Ilikuwa gemu kali: mhusika akifa, mchezaji alipoteza sehemu ya uzoefu aliokwisha kuupata.

Kisha ikaja World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka Novemba 2004, na hapa naomba tusimame kidogo. Wakati wa majaribio kabla ya uzinduzi, Blizzard walitaka kuwazuia watu wasicheze kupita kiasi. Wakaweka kanuni: ukicheza muda mrefu, mhusika wako anachoka, na uzoefu unaolipwa kwa kuua majini unashuka hadi nusu. Wachezaji wa majaribio waliichukia. Kila aliyefika kwenye ile nusu aliona ananyang'anywa haki yake. Mbunifu mkuu wa gemu hiyo, Rob Pardo, ameeleza walichofanya baadaye. Waligeuza maneno. Malipo ya nusu wakayaita malipo ya kawaida, asilimia 100; yale yaliyokuwa kamili wakayaita malipo ya aliyepumzika, asilimia 200. Ngazi wakairefusha ili hesabu ibaki palepale. Malalamiko yakaisha. Watu walewale waliokasirika wakaanza kuusifu ukarimu wa Blizzard, na kuwalaza wahusika wao kwenye nyumba za wageni ili waamke na bonasi.

Miaka michache baadaye serikali ya China ilitumia hesabu hiyohiyo bila kuipaka sukari. Kwa kanuni za mwaka 2007, mtoto wa chini ya miaka 18 aliyecheza gemu za mtandaoni alilipwa kamili kwa saa tatu za kwanza, nusu kati ya saa ya tatu na ya tano, na baada ya hapo hakupata kitu. Blizzard waliiita zawadi, Beijing wakaiita kinga dhidi ya uraibu.

Kwa muda mwingi wa miaka hiyo gemu za risasi zilikaa kando. Doom ya 1993 na Quake ya 1996, zote za id Software ya Texas, hazikumkumbuka mchezaji. Ukiingia kwenye pambano unaanza na silaha ndogo kama mwenzako, bunduki kubwa zimelala sakafuni zikisubiri mwenye mbio. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, ilikuwa na pesa za kununua silaha, lakini pesa zenyewe zilifutwa ramani ikibadilika. Aliyecheza usiku elfu moja na aliyeingia leo walikuwa na haki sawa za silaha. Tofauti yao ilikuwa vidoleni na machoni, na mashabiki wa zamani bado wanaitetea hali hiyo kwa moyo wote. Nawaelewa.

Battlefield 2, iliyotoka Juni 2005 kutoka studio ya DICE ya Stockholm, ndiyo iliyovunja utaratibu huo mbele ya umati mkubwa. Ilikuwa na vyeo vya kijeshi vinavyohifadhiwa kwenye seva za kampuni, na kupanda cheo kulimpa mchezaji nafasi ya kuchagua bunduki mpya. Tangu hapo muda wa mchezaji ukawa na bei inayosomeka.

Mwaka 2007 ndio uliojenga tunachokiona leo, na ulikijenga kwa njia mbili tofauti ndani ya majuma sita hivi.

Tarehe 25 Septemba ilitoka Halo 3 ya studio ya Bungie. Ndani yake mchezaji alibeba hesabu mbili. Ya kwanza ilikuwa uzoefu: ushindi ulileta alama moja, kushindwa hakukuleta kitu, na kukimbia pambano katikati kuliondoa alama moja. Ya pili ilikuwa ustadi, namba kati ya 1 na 50 iliyokadiriwa kwa mfumo wa TrueSkill uliobuniwa na watafiti wa Microsoft mjini Cambridge. Ili uwe Jenerali ulihitaji zote mbili: uzoefu wa kutosha na ustadi wa 50. Bungie walikuwa na orodha maalumu za wikendi ambazo ushindi ndani yake ulilipwa alama mbili badala ya moja, mara nyingi kwa aina ya pambano isiyopatikana siku za kawaida. Watu walizipenda wikendi hizo. Zilileta marafiki mtandaoni kwa pamoja, na zilimpa mchezaji sababu ya kujaribu pambano ambalo asingelichagua mwenyewe. Hata hivyo hazikuweza kumfanya mtu kuwa Jenerali. Zilikufikisha mlangoni tu, na mlango ulifunguliwa na ustadi.

Novemba mwaka huohuo Infinity Ward wa California wakatoa Call of Duty 4: Modern Warfare. Wao waliondoa mlango. Levo zilikuwa 55, na kila kitu kilikuwa na malipo: adui mmoja kwenye pambano la timu alilipa alama 10, ushindi ulilipa, hata aliyeshindwa aliondoka na chochote. Hakuna aliyeshuka. Ukifika levo ya nne unapewa ruhusa ya kujipangia silaha zako; ukifika 55 unapata bastola ya Desert Eagle ya rangi ya dhahabu. Kwenye PlayStation 3 na Xbox 360 kulikuwa na jambo la ajabu zaidi, mfumo wa Prestige. Aliyemaliza levo zote aliruhusiwa kurudisha kila kitu, bunduki pamoja na levo, na kuanza upya akiwa na nembo mpya kando ya jina lake. Aliweza kufanya hivyo mara kumi. Mamilioni walikubali kwa hiari yao kuachia walichokihangaikia ili wakihangaikie tena.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner asingeshangaa. Mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walichapisha kitabu kizima kuhusu ratiba za malipo, kilichotokana na majaribio ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate punje. Mwaka 2001 mtafiti John Hopson, aliyekuja baadaye kufanya kazi na watengenezaji wa Halo, aliandika makala iliyosomwa sana na wabunifu wa gemu akieleza jinsi ratiba hizo zinavyoendesha mwenendo wa mchezaji. Elimu ilikuwa wazi kwa yeyote.

Ni kwenye ngazi ya Call of Duty ambapo XP maradufu ilipata nguvu kamili. Hapa mahitaji ya kila levo hayakuruka mara mbili kama kwa Gygax, yaliongezeka polepole. Kwenye ngazi ya namna hiyo, kulipwa maradufu ni karibu sawa na kukata safari katikati. Aliyekuwa atumie saa nne kufungua bunduki fulani huifungua kwa saa mbili. Mwenye Prestige ya sita aliyekata tamaa ya kufika ya kumi hupiga hesabu mpya na kuona inawezekana. Anayeanza gemu miezi sita baada ya wenzake, ambaye kila siku huuawa kwa silaha ambazo yeye hajaruhusiwa hata kuzishika, huzipata ndani ya siku tatu na kuanza kupambana kama mtu. Faida hii ya mwisho ndiyo bora kuliko zote, na wanaozipinga wikendi hizi huisahau mara nyingi mno.

Mwenendo wa watu viwanjani ulibadilika pia. Mara malipo yanapokuwa maradufu, kila mmoja hutafuta mahali ambapo adui anapatikana haraka. Ndivyo ramani ndogo zilivyopata umaarufu wake: Shipment ya mwaka 2007, kiwanja cha makontena ambacho unazaliwa na kufa kabla hujageuka, na Nuketown ya Call of Duty: Black Ops ya 2010, nyumba mbili zinazotazamana kwenye eneo la majaribio ya bomu la nyuklia. Mwaka 2012, studio ya Treyarch walipoiondoa orodha iliyokuwa ikizungusha Nuketown peke yake saa zote kwenye Black Ops II, kelele za wachezaji zilikuwa kubwa hadi ikarudishwa. Wapo pia waliotafuta njia za gizani. Wawili wanakubaliana kukutana kwenye kona na kuuana kwa zamu. Mwingine anafunga raba bendi kwenye pedi ya kuchezea ili mhusika aendelee kuzunguka huku mwenyewe amelala. Anayeingia humo kucheza kwa haki hukuta nusu ya timu yake ni sanamu.

Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona. Call of Duty: Modern Warfare 3 (MW3) ilipokaribia kutoka Novemba 2011, chupa za soda ya Mountain Dew na mifuko ya Doritos nchini Marekani zilibeba namba za siri za kufungua dakika za XP maradufu. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hadi hapo bonasi ilikuwa sikukuu ya wote: Ijumaa inafunguliwa, Jumatatu inafungwa, tajiri na maskini wanapanda pamoja. Sasa ikawa mali ya mtu mmoja, inayowekwa akiba na kutumika akitaka, na mwenye kunywa soda nyingi alikuwa na nyingi. Gemu yenyewe ilikuwa pia na duka la Prestige ambako tokeni moja ilibadilishwa kwa saa mbili za XP maradufu. Activision, wachapishaji wa Call of Duty, walitangaza kwamba katika saa 24 za kwanza MW3 iliuza nakala milioni 6.5 Marekani na Uingereza, zenye thamani ya dola milioni 400. Soda ilichagua mahali pazuri pa kujitangaza, na mwaka uliofuata kampuni hizohizo zilifanya vivyo hivyo kwa Halo 4.

DICE nao walipata matumizi mengine. Battlefield 4 ilitoka Oktoba 2013 ikiwa na hitilafu nyingi, watu wakitupwa nje ya seva katikati ya pambano. Februari 2014 ilitangazwa kuwa mwezi wa kuwashukuru wachezaji, na miongoni mwa zawadi kulikuwa na siku za XP maradufu. Msamaha uliombwa kwa sarafu ambayo kuichapa hakugharimu chochote. Ndani ya gemu hiyohiyo kulikuwa na vifurushi vyenye viongeza XP vya asilimia 25, 50, 100 na hata 200, na vifurushi hivyo vilikuja kuuzwa kwa fedha halisi.

Kilichofuata kilionyesha mpaka uko wapi. Novemba 2017, EA, wachapishaji wa gemu za DICE, wakikaribia kutoa Star Wars Battlefront II, wachezaji waligundua kwamba kumfungua Darth Vader au Luke Skywalker kulihitaji sarafu 60,000 za ndani ya gemu, kazi iliyokadiriwa kuwa saa 40 hivi, ilhali masanduku ya bahati nasibu yenye vitu vya kuongeza nguvu yaliuzwa kwa pesa. EA walijibu mtandaoni kwamba walitaka mchezaji ajisikie fahari na mafanikio. Jibu hilo lilipata kura za kukataa zaidi ya 600,000. Bei ikapunguzwa kwa asilimia 75, kisha mauzo yakasimamishwa muda mfupi kabla ya gemu kutoka, na Machi 2018 ngazi yote ikajengwa upya. Mwezi uliofuata Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ikaamua kwamba masanduku ya aina hiyo katika baadhi ya gemu yalivunja sheria ya kamari. Watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba urefu wa njia na bei ya njia ya mkato hupangwa na mtu mmoja.

Kampuni zikahamia kwenye pasi za msimu. Gemu ya Fortnite iliuza yake ya kwanza Desemba 2017. Unalipa mara moja, kisha unacheza ili ufungue zawadi hatua kwa hatua, lakini msimu ukiisha ulichokuwa hujakifungua kimekwenda. Call of Duty walichukua mtindo huo mwaka 2019 kwa pasi yenye hatua 100. Kuanzia hapo XP maradufu ikawa kamba ya kuwaokoa waliochelewa: wiki za mwisho za msimu hutangazwa maradufu ya levo, maradufu ya silaha na maradufu ya pasi, na watu hukimbilia seva kwa sababu tayari wamelipia wanachokaribia kukipoteza.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii imefika zaidi kupitia simu. PUBG Mobile ilianza kusambaa duniani mwaka 2018, Call of Duty: Mobile ikafuata Oktoba 2019, na Free Fire inachezeka hata kwenye simu za bei ya chini. PUBG Mobile hutoa kadi za kuongeza XP maradufu kwa muda fulani. Wanaocheza Call of Duty kwenye konsoli au kompyuta wana ratiba ya kigeni: wikendi nyingi hufunguliwa saa nne asubuhi kwa saa za California. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa mbili usiku, na ni saa tatu usiku Wamarekani wanapokuwa wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo asubuhi ya Mmarekani ni mkesha wetu, na kila dakika ya mkesha huo ina bando lake la intaneti. Anayeishiwa bando saa saba za usiku amefika mwisho wa sherehe, hata kama tangazo linasema imebaki siku mbili.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya wikendi za maradufu. Zinazidisha muda, na muda haukugawanywa sawa. Mwenye saa mbili Jumamosi baada ya kazi hupata malipo ya saa nne. Mwenye saa kumi na mbili kila siku hupata ya saa ishirini na nne, na pengo kati yao limepanuka. Bonasi ya mapumziko ya World of Warcraft ilifanya kinyume. Ilikua wakati mchezaji hayupo, asilimia tano ya levo kwa kila saa nane alizolala kwenye nyumba ya wageni, na ilikoma ikifika levo moja na nusu. Mwenye kazi, mwenye mtoto mchanga, mwenye mitihani, mwenye bando la siku moja kwa wiki, wote walirudi wakakuta fungu lao limewekwa. Fortnite baadaye ilifuata njia ya karibu na hiyo, ikiwalipa XP ya ziada waliokosa siku kadhaa. Kati ya mbinu zote zilizopita katika miaka hamsini hii, hiyo ndiyo ninayoiona ya haki, na inashangaza kwamba imetoka kwenye gemu za mapanga na uchawi huku gemu nyingi za risasi zikiendelea kupiga ngoma ya wikendi.

Kwa hiyo ukiona tangazo la XP maradufu, tazama kwanza ngazi: levo inayofuata inataka kiasi gani, msimu unaisha lini, na kilichofungwa juu kule unakihitaji kweli au umeshawishiwa kukihitaji. Ukiwa na marafiki wa kucheza nao, ingia mfurahi, kwa kuwa hiyo furaha ni halali na ndiyo iliyofanya wikendi za Halo 3 zikumbukwe. Na wewe unayetengeneza gemu ya risasi leo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ukifika kwenye meza ya kupanga malipo, anza na bonasi ya aliyekosekana. Wachezaji wako wengi watakuwa watu wa bando la siku moja.